Mwanya kati ya vipande vya muziki: unazaliwa wapi, na unaondolewaje kwenye kompyuta

Cheza kwenye kompyuta rekodi ya maulidi iliyotolewa kwenye kaseti na kukatwa vipande. Msomaji anavuta sauti, matari yanamfuata chini chini, waitikiaji wanakaribia kupokea. Papo hapo faili moja inaisha na nyingine inaanza, na sauti inapotea kidogo kisha inarudi. Haifiki hata robo sekunde. Lakini pigo la tari limechelewa, na aliyekuwa akiitikia pamoja na kanda ametoka nje ya mdundo. Mzee aliyeihifadhi kaseti hiyo miaka yote hahitaji vipimo. "Mwanangu, hapa mbona yakata? Kaseti haikuwa hivi." Anasema kweli.

Kwa nyimbo nyingi za redioni mwanya huu hausikiki, kwa sababu wimbo wenyewe humalizika kwa kimya na unaofuata huanza kwa kimya. Rekodi tunazozithamini zaidi hapa Lamu si za namna hiyo. Maulidi ya msikiti wa Riyadha hurekodiwa mfululizo. Taarabu ya harusini hurekodiwa mfululizo pia: wimbo mmoja unapokwisha udi unaendelea kujitafuta, wageni wanazungumza, na wimbo wa pili unaingia juu ya mazungumzo hayo hayo. Tunapozikata vipande, ni kwa ajili ya kutafuta tu, ili anayetaka kiyamu, pale watu wanaposimama, asilazimike kuburuta saa nzima ya sauti. Hakuna aliyekusudia kimya pale.

Ukikaribia Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, faili hizi huzunguka mjini kwa flashi na kwa WhatsApp, na lawama huzunguka nazo: laptopu mbovu, flashi mbovu, aliyenakili hajui kazi. Mara nyingi kosa haliko huko. Mwanya unaweza kuzaliwa ndani ya faili, ndani ya programu inayoicheza, au kwenye njia ya sauti kutoka programu hadi spika. Kila mahali pana dawa yake, na dawa ya mahali pamoja haisaidii kitu pengine. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha mipangilio usiku kucha na asipate nafuu: anatibu programu ilhali ugonjwa uko kwenye faili.

Niseme mapema kwamba upo mwanya mmoja usio na dawa. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Kilichosomwa wakati mwenye redio akigeuza kaseti hakikurekodiwa, na hakuna programu itakayokirudisha. Mwanya huo ni wa kweli, uacheni ulivyo. Tunaozungumzia hapa ni ule ambao kaseti haikuwa nao, ukaongezwa na sisi.

Ndani ya faili

Sauti kwenye kompyuta ni mfuatano wa namba. CD hutumia namba 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa stirio, na kila namba huitwa sampuli. Kipande cha sekunde 10 kina sampuli 441,000 kamili. Ukikata rekodi hapo, kisha wakati wa kucheza sampuli ya 441,000 ikafuatwa moja kwa moja na ile ya 441,001, sikio haliwezi kujua kwamba palikatwa. Ikiingia sampuli moja ya ziada, au mia tano, ndipo matatizo yanapoanza.

Faili za WAV huhifadhi namba hizo jinsi zilivyo. FLAC, iliyotolewa 2001, huzibana bila kupoteza hata moja, na mwanzoni mwa faili huandika jumla ya sampuli zote. Programu ikifungua FLAC inarudisha kile kile kilichoingia, mwanzo wake na mwisho wake. Kwa hiyo kama vipande vyako ni FLAC na vilikatwa kutoka rekodi moja bila kugusa kitu kingine, unaweza kuacha kuishuku faili na kwenda kutafuta mwanya kwingine.

MP3 ni jambo jingine, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu faili nyingi zinazozunguka Lamu ni MP3.

Kiwango cha MP3 kilichapishwa 1993. Hakihifadhi sampuli moja moja. Huzipanga katika fremu, na kila fremu ina nafasi 1,152, yaani kama milisekunde 26 za sauti. Fremu ni kama trei ya mayai: ina nafasi zake, huwezi kununua trei yenye nafasi pungufu kwa sababu una mayai machache. Sampuli zetu 441,000 zinajaza fremu 382, kisha zinabaki chache ambazo hazijazi fremu moja. Nafasi zilizobaki wazi ni lazima zijazwe, na hujazwa kwa kimya. Hicho ni kimya cha mwisho.

Kipo pia kimya cha mwanzo. MP3 huchambua sauti kwa mafungu yanayopandiana: kila fungu huhesabiwa pamoja na sehemu ya jirani yake. Fungu la kwanza halina jirani wa kabla yake, basi enkoda, yaani programu inayoibana sauti kuwa MP3, hulitengenezea wa bandia, wa kimya. LAME, enkoda ya MP3 inayotumika sana, huongeza hapo sampuli 576. Dekoda nayo, yaani sehemu ya programu inayorudisha faili kuwa sauti, huchelewa kwa sampuli 529 kwa sababu hizo hizo za hesabu.

Tufanye hesabu ya kipande chetu. Sampuli 441,000 jumlisha 576 za mbele ni 441,576. Ili kujaza fremu nzima, LAME huongeza 792 nyuma. Jumla inakuwa 442,368, ambazo ni fremu 384 kamili. Kipande cha sekunde 10 kimerudi na sampuli 1,368 ambazo hazikuwa za mtu. Gawanya kwa 44,100: milisekunde 31. Ukipanga vipande viwili vya namna hii mfululizo, kati yake mna milisekunde 31 za kimya. Zile 529 za dekoda hazibadilishi jumla hii. Husogeza tu kimya kutoka mwisho wa kipande cha kwanza kwenda mwanzo wa cha pili. Kwa mazungumzo, milisekunde 31 si kitu. Kwa matari yanayokwenda kasi, sikio linazidaka.

Waliotengeneza LAME walilijua hilo. Katika fremu ya kwanza ya faili, ambayo haina sauti, huandika maelezo madogo, na ndani yake mna namba mbili: zilizoongezwa mbele ni 576, zilizoongezwa nyuma ni 792. Programu ya kuchezea ikizisoma, hukata ziada pande zote mbili na kukuletea sampuli zako 441,000. Programu isiyozisoma hucheza kila kitu, kimya kikiwemo. Faili ni ile ile, kompyuta ni ile ile. Tofauti ni kwamba programu moja ilisoma maelezo na nyingine iliyapita.

Sasa ona jinsi maelezo hayo yanavyopotea. Enkoda nyingine haziyaandiki tangu mwanzo. Programu nyingine za kukata MP3, au za kurekebisha majina, huitupa ile fremu ya kwanza kwa kuiona haina sauti. Mabaya zaidi ni haya: mtu anachukua MP3, anaifungua kwa programu isiyosoma maelezo, kisha anaibana upya kuwa MP3 nyingine. Kimya cha zamani sasa kimehesabiwa kuwa ni muziki. Enkoda mpya itaongeza kimya chake, itakiandikia maelezo yake sahihi, na programu nzuri itakikata hicho kipya kwa uaminifu. Kile cha kwanza kitabaki pale daima. Faili ya namna hii hakuna mpangilio wa kuiponya. Rudi kwenye rekodi nzima ukate upya.

Kuna pia wanaokata MP3 moja kwa moja bila kuifungua, wakisema hivyo ubora haupotei. Ubora haupotei, lakini fremu za MP3 hukopeshana nafasi: data ya fremu moja inaweza kuanza ndani ya fremu zilizotangulia. Ukikata kati yao, fremu ya kwanza ya kipande kipya inakuja bila data yake, na dekoda inatoa kimya au mkwaruzo. Ukisikia "tik" kali kwenye maungio badala ya mwanya laini, anza kushuku hapo.

AAC, ile ya faili za M4A, ina fremu za sampuli 1,024, na enkoda ya Apple huweka mbele sampuli 2,112, karibu milisekunde 48. Maelezo ya kuzikata huwekwa ndani ya M4A. iTunes ilianza kucheza bila mwanya mwaka 2006, kwenye toleo la 7. Lakini faili ya AAC tupu, isiyo ndani ya M4A, haina pa kuyaandika, kwa hiyo usiikubali kwa rekodi ya mfululizo. Vorbis na Opus, namna nyingine mbili za kubana sauti, zilifikiriwa vizuri zaidi. Opus inalazimika kutaja mwanzoni mwa faili ni sampuli ngapi za kuruka, na mwisho wake unajulikana kwa hesabu iliyomo ndani ya faili yenyewe. Ningependa vijana wanaonakili kaseti hapa waizoee Opus kwa faili ndogo za kugawa, na FLAC kwa zile za kuweka.

Kipimo cha sauti moja

Badala ya kubahatisha na kasida, tengeneza sauti ya kupimia. Fungua Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, tengeneza toni ya hezi 440 ya sekunde 20. Inasikika kama filimbi isiyochoka: haina pigo, haina pumzi, haina pa kujificha kosa. Igawe kwenye sekunde ya 10. Hifadhi nusu mbili kama FLAC, kisha nusu hizo hizo kama MP3. Sasa una jozi mbili. Zicheze kwa programu yako ya kila siku, kila jozi mfululizo.

Jozi ya FLAC ikipita bila kukatika na ya MP3 ikakatika, tatizo liko kwenye maelezo ya faili: ama hayakuandikwa, ama programu haiyasomi. Jaribu jozi hiyo ya MP3 kwa programu nyingine na utajua ni lipi. Zote mbili zikikatika, faili hazina hatia. Tafuta kwenye programu au njia ya sauti. Zote mbili zikipita salama na bado maulidi yako yanakatika, basi faili za maulidi zilikatwa au kubanwa vibaya na aliyekutangulia.

Ukitaka uhakika zaidi ya sikio, rekodi sauti inayotoka kwenye kompyuta yenyewe uitazame. Audacity kwenye Windows inaweza kufanya hivyo kupitia WASAPI, mfumo wa sauti wa Windows yenyewe, bila waya wala maikrofoni. Vuta picha ya wimbi hadi kwenye maungio uone: mawimbi ya toni yanakuja yamejipanga, ghafla mstari unalala, kisha mawimbi yanaanza tena. Chagua sehemu iliyolala na usome urefu wake. Pale LAME inapotumika kwa sampuli 44,100, kimya cha mbele na nyuma kwa pamoja hakiwezi kuwa chini ya milisekunde 26 wala kupita 53. Ukipata mwanya wa kiasi hicho, na ukirudia unapata ule ule, hiyo ni ziada ya MP3 isiyokatwa. Ukipata milisekunde 200 mara hii na 450 mara nyingine, MP3 haihusiki. Kuna kitu kinachelewa kufunguka.

Kwenye Windows kipimo hiki kina mtego. Programu inapofunga kabisa njia ya sauti kati ya faili mbili, hakuna kinachopelekwa kwenye rekodi kwa muda huo, na Audacity inaweza kuunganisha pande mbili kana kwamba hapakuwa na mwanya. Sikio linasikia mwanya, picha inakataa. Dawa yake ni kuacha programu nyingine ikicheza faili ya kimya nyuma, ili njia ibaki wazi muda wote wa kurekodi.

Ndani ya programu

Programu isiyoacha mwanya haisubiri faili iishe. Sekunde kadhaa kabla ya mwisho huwa imeshafungua inayofuata, imeifungua data yake, na imeiweka tayari nyuma ya ile inayochezwa, ndani ya mkondo mmoja wa sauti usiofungwa. Programu isiyofanya hivi hucheza hadi mwisho, hufunga kila kitu, hutafuta faili inayofuata, huifungua, huamsha kadi ya sauti upya, ndipo ianze. Hata FLAC haiwezi kujiokoa hapo.

VLC, ambayo karibu kila laptopu inayo, toleo lake la 3 halikutengenezwa kucheza bila mwanya. Ni programu nzuri sana, hufungua karibu kila faili utakayoipa, lakini kwa kazi hii siyo. Kwenye Windows tumia foobar2000, ambayo hucheza bila mwanya bila kuombwa, na ukitazama sifa za faili ya MP3 itakuonyesha zile namba mbili za LAME kama zipo. Usipoziona, umepata jibu lako bila hata kusikiliza. Kwenye Linux Audacious na MPD zinafaa, na mpv pia.

Ukishapata programu inayofaa, kagua isiwe imewashiwa vitu vinavyoharibu maungio. Krosifedi, yaani kuzamisha kipande kimoja ndani ya kinachofuata, izimwe. Wengi huiwasha kama dawa ya mwanya, nami sikubaliani nao kabisa. Kwa maulidi inachanganya mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa mwingine, matari yanapigwa juu ya matari, na kilichokuwa kimekatika sasa kimevurugika. Kipengele cha kuruka kimya kizimwe vilevile. Hicho hakijui kimya kipi kiliongezwa na enkoda na kipi ni cha msomaji aliyenyamaza ili watu wamalize kumsalia Mtume. Vyote kwake ni kimya, na vyote kinavila.

Kuna jambo la ReplayGain pia, ambalo watu hulisikia wakadhani ni mwanya. Mfumo huu hupima ukubwa wa sauti na kusawazisha. Ukiwekwa usawazishe kwa kila wimbo, kipande chenye dua ya sauti ya chini kitapandishwa, na cha kasida yenye matari kitashushwa. Kwenye maungio sauti inaruka ghafla juu au chini. Uweke usawazishe kwa albamu, na uhakikishe faili zote zimeandikwa jina moja la albamu ili mfumo ujue ni kitu kimoja. Tena, ukiwa hapo hapo kwenye majina, andika namba za vipande 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, programu nyingine hupanga 1, 10, 11, kisha 2, na hapo hakuna maungio yatakayolingana.

Njia ya kwenda spika

Faili zako zote ziwe na kiwango kimoja cha sampuli. Hili hupuuzwa sana. Mtu anarekodi upande wa kwanza wa kaseti kwa 44,100, wiki ya pili anarekodi upande mwingine kwenye kompyuta iliyowekwa 48,000, kisha anaviunganisha katika orodha moja. Kila kiwango kinapobadilika, programu nyingi hulazimika kufunga kadi ya sauti na kuifungua upya. Hivyo ndivyo mpv inavyofanya kwa mpangilio wake wa kawaida: huacha kadi wazi muda wote muundo wa sauti haujabadilika, ukibadilika huifunga na kuifungua tena. Tatizo hili huonekana zaidi pale programu inapomiliki kadi ya sauti peke yake, kama baadhi ya wapenda muziki wanavyopenda kuweka kwenye Windows. Chagua kiwango kimoja tangu kurekodi. Kwa kaseti, 44,100 inatosha kabisa.

Kama kinachopotea ni mwanzo wa sauti, herufi ya kwanza ya neno la kwanza, na hasa baada ya kimya kirefu, hiyo ni kadi ya sauti iliyolala kubana umeme. Kwenye Linux moduli ya snd_hda_intel ina kigezo cha power_save. Kikiwa 0 kadi hailali. Spika za bluetuthi nazo hulala kwa namna yao, na mara nyingi hakuna pa kuzirekebisha. Kabla ya kuilaumu kompyuta, chomeka spika kwa waya na usikilize tena. Picha ya wimbi ikiwa safi na spika ya waya ikiwa safi, umemaliza kazi. Iliyobaki ni ya spika.

Flashi ya polepole au diski ya nje iliyozima injini yake huchelewesha ufunguzi wa faili inayofuata. Nakili rekodi kwenye diski ya ndani ya laptopu. Na unapomtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, ifike ilivyo.

Kukata vizuri tangu mwanzo

Weka rekodi nzima ya kila upande wa kaseti kama FLAC moja isiyokatwa, na usiifute hata ukishakata. Kaseti zenyewe haziishi milele kwenye unyevu na chumvi ya kisiwa hiki, na faili hiyo nzima ndiyo utakayoirudia kila kosa la kukata litakapogunduliwa.

Vipande vitoke humo kwa mara moja: kwenye Audacity weka alama mahali pa kukata, kisha hifadhi zote kwa pamoja kufuata alama. Mwisho wa kipande kimoja utakuwa mwanzo wa kingine, bila sampuli kupotea wala kurudiwa. Ukichagua kwa mkono kipande kimoja kimoja, hutaweza kupata sampuli ile ile mara mbili. Usiongeze kupandisha wala kushusha sauti kwenye ncha. Usisawazishe sauti kipande kwa kipande. Kama rekodi iko chini, ipandishe nzima kabla ya kukata.

Chagua pa kukata kwa sikio. Maulidi yana mahali pa kupumua: mlango unapomalizika, waitikiaji wanapomaliza salamu na msomaji mwingine kupokea. Kata hapo, na hata programu mbaya isiyosoma maelezo haitamuumiza msikilizaji. Kasida zenye matari hazina pumzi, na hizo ni afadhali zibaki kipande kimoja hata zikifika dakika 20.

Kama utaichoma rekodi kwenye CD, jambo moja zaidi. CD imegawanywa vipande 75 kwa sekunde, kila kimoja sampuli 588, na wimbo hauwezi kuanza katikati ya kipande. Audacity inaweza kulazimisha alama zako zisimame kwenye mipaka hiyo. Usipofanya hivyo, programu ya kuchoma itajaza pengo kwa kimya. Na diski ichomwe yote kwa mkupuo mmoja, ukifuta zile sekunde mbili za kimya ambazo programu nyingi huweka kati ya nyimbo bila kuulizwa.

Wapo wanaopendelea kutokata kabisa. Faili inabaki moja, na kando yake inawekwa faili ndogo ya maandishi, ya CUE, inayotaja kila sehemu inaanza dakika ngapi, sekunde ngapi, na kipande cha ngapi kati ya hivyo 75, kikihesabiwa kuanzia 00 hadi 74. foobar2000 huisoma na kukuonyesha orodha ya sehemu kama vile ni faili mbalimbali, na mwanya hauna pa kuingia kwa sababu hakuna kilichokatwa. Kwa laptopu ya nyumbani hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi. Udhaifu wake ni kwamba faili hizo mbili ni lazima zisafiri pamoja, na flashi inapopita mikono mitatu ile ndogo ndiyo huachwa.

Mwisho ni redio za flashi: zile za spika za barazani, za madukani, na za boti za kwenda Mokowe. Nyingi husoma MP3 tu, hazisomi maelezo ya LAME, na hazina mpangilio wowote wa kugusa. Huko hakuna ufundi wa kompyuta utakaosaidia. Kwa hizo tengeneza toleo la pili kutoka kwenye ile FLAC nzima: MP3 moja ndefu kwa kila upande wa kaseti, isiyokatwa popote, na kando yake nakala ya kiyamu peke yake kwa anayetaka kuanza hapo.